Kifaa Kisichojulikana

Waya ulitangulia, mwenyewe akafuata.

Saa sita mchana, ngazi za jengo la maduka ya umeme zikiwa zimejaa wapandao na washukao, roli zima la waya wa mtandao lilimponyoka fundi mmoja ghorofa ya tatu. Likaruka vidato viwili viwili. Mzee mmoja alikumbatia nguzo. Mama mmoja aliinua mfuko wake juu ya kichwa kana kwamba mafuriko yamefika. Roli halikujali cheo wala umri. Lilijifungua lenyewe njia nzima, na lilipofika ghorofa ya kwanza likakuta miguu miwili ndani ya viatu vyeupe, chini ya gauni la rangi ya haradali lililomkaa mwenyewe kama amezaliwa nalo. Waya ukajizungusha hapo, mara moja, mara mbili, ukatulia.

Msichana aliduwaa. Mkono mmoja ukutani, mwingine kifuani, akaviangalia vifundo vyake vilivyofungwa.

"Dada, usivute," sauti ya kiume ilitoka juu. "Ukivuta utakatika."

"Nani, mimi au waya?"

"Waya. Wewe nani angethubutu kukukata?"

Fundi alifika akihema, ovaroli ya buluu, kitambulisho cha kampuni kikimpigapiga kifuani. Alipiga goti katikati ya watu, akaanza kuufungua waya taratibu, kama mtu anayefungua zawadi ya mwenzake.

"Fanya haraka kaka, watu wanatutazama."

Mikono ya fundi ikasimama. Akainua uso.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Naijua sauti hii." Macho yalimtoka. "Wewe ndiye wa kampuni ya bima. 'Asante kwa kuendelea kusubiri, simu yako ni ya thamani kwetu.' Mwezi uliopita ulinisubirisha dakika arobaini kwa ajili ya bima ya pikipiki."

Ilikuwa zamu ya msichana kushtuka. Miaka mitatu amepokea simu za watu asiowajua, hakuna hata mmoja aliyewahi kumpigia goti.

"Pikipiki yenyewe ilipata bima?"

"Ilipata. Mimi ndiye niliyebaki bila ulinzi."

Msichana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Siku hiyo hiyo, kabla ya kutoka kwenye jengo, tayari alikuwa anamwita fundi Waya, na fundi alikuwa anamwita Sauti, na majina yao mengine yakabaki kwenye vitambulisho.

*

Sauti alikuwa amekwenda pale kununua ruta. Kampuni yake ya bima ilikuwa imemruhusu kupokea simu za wateja akiwa nyumbani, naye aliitaka ruhusa hiyo kuliko nyongeza ya mshahara, maana baba yake alikuwa na goti bovu na hapakuwa na mwingine wa kumtazama. Sharti lilikuwa moja: mtandao wa nyumbani uwe salama. Wateja wa bima husema kwenye simu mambo ambayo hawajawaambia hata wake zao. Magonjwa yao, warithi wao, watoto waliozaa nje. Mtu akiyasikiliza hayo, Sauti hana kazi.

Waya alikuja kufunga mtandao siku ya tatu. Mlangoni alimkuta baba.

Baba alikuwa mlinzi mstaafu. Miaka thelathini na moja alilinda lango la ghala la dawa, hakuibiwa hata kizibo. Alikipokea kitambulisho cha Waya, akakisoma mbele, akakigeuza, akakisoma nyuma.

"Hii picha ni yako?"

"Ni yangu, mzee. Siku ile nilikuwa nimenyoa."

"Usinyoe tena. Pita."

Waya alifunga ruta juu ya kabati la vyombo, akavuta waya nyuma ya pazia bila kuacha hata kovu ukutani, kisha akaweka kwenye simu ya Sauti programu ndogo ya kulinda mtandao.

"Hii inakujua wewe, inamjua mzee, inaijua laptopu yako. Ikiingia simu nyingine ambayo haijawahi kuiona, inapiga kengele."

"Na simu yako?"

"Yangu haihitaji kuingia. Mimi nitaingia kwa mlango, nikikaribishwa."

"Nani kasema utakaribishwa?"

"Naona birika liko jikoni na vikombe ni vitatu."

Baba, kwenye kiti chake kinachotazama mlango, alikohoa. Lakini vikombe vilikuwa vitatu kweli.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu zaidi ya miguu. Waya alikuwa juu ya mapaa tangu asubuhi. Sauti alikuwa na visikizio masikioni mpaka jioni. Waliibiana dakika. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, Sauti alipokea ujumbe uliotoka juu ya paa la hospitali:

*Napanda juu ya paa, nafunga nyaya kwa mbio,*
*Moyo chini wakataa, wanililia kilio,*
*Simu yangu ikikaa, kimya bila ya mlio,*
*Dunia kwangu hujaa, kiza pasi kimbilio.*

Akampigia hapo hapo.

"Umeiba wapi?"

"Nimeiba kwangu."

"Fundi wa waya anajua vina?"

"Mpenzi, anayejua kupanga waya nane ndani ya kichwa kimoja asikosee rangi, atashindwa kupanga maneno?"

"Haya, shuka huko kabla hujaanguka na vina vyako."

"Nilishaanguka. Ulikuwa umevaa haradali."

Mwezi wa pili Sauti alimnunulia baba simu mpya, kubwa, ya kuandika kwa kugusa kioo. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Waya aliiingiza kwenye mtandao, programu ikapiga kengele, Sauti akaipa jina "Simu ya Baba", yakaisha.

Kumbe ndipo yalipoanza.

*

Tahadhari ya kwanza ilikuja Jumanne asubuhi. Simu ya Sauti ililia mlio mkali asiowahi kuusikia, na maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo: *Kifaa kisichojulikana kimeingia kwenye mtandao wako. Huenda unafuatiliwa.*

Masikioni mwake kulikuwa na mteja, mjane, anataja ugonjwa uliomuua mumewe.

"Mama, naomba usiseme zaidi," Sauti alisema. "Nitakupigia mimi."

Aliangalia orodha. Laptopu yake ipo. Simu yake ipo. "Simu ya Baba" imo kwenye orodha, jina lake lilelile. Na chini kabisa, kitu kimoja hakina jina, kina tarakimu tu. Alikwenda sebuleni. Baba alikuwa ndiyo kwanza amerudi dukani, mkate kwapani, simu mkononi.

"Baba, umeona mtu nje?"

"Mtu gani?"

"Yeyote. Anayekaa karibu na dirisha."

Baba aliweka mkate na simu mezani, akatoka, akazunguka jengo zima kwa goti lake bovu, akarudi akitokwa jasho. "Hakuna."

Waya alikuja jioni ile. Aliketi sakafuni chini ya kabati, akagusa hiki, akabonyeza kile, akabadilisha neno la siri.

"Tunalijua watatu tu sasa. Wewe, mzee na mimi."

"Una uhakika hakuna tundu?"

"Mtandao niliofunga mimi hauna tundu, Sauti. Weka hilo kichwani." Alisema kwa kiburi kidogo, maana kazi yake aliijua, na alijua kwamba anaijua.

Alhamisi kengele ikalia tena. Kifaa kingine, tarakimu nyingine. Waya akabadilisha neno la siri tena, safari hii refu kama jina la dawa. Jumamosi, saa nne asubuhi, ikalia mara ya tatu.

Na kati ya Alhamisi na Jumamosi palikuwa na simu moja. Ijumaa mchana Waya alimpigia, na kabla hajasalimiwa sawasawa akasema:

"Leo umeongea na watu wanaolia."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Ijumaa alicheka. Jumamosi, kengele ya tatu ilipolia, maneno hayo yalimrudia kama kofi. *Najua tu.* Neno la siri wanalijua watatu. Yeye hajamwambia mtu. Baba hajawahi kumwambia mtu kitu tangu azaliwe. Sauti alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua laptopu.

Utaratibu wa kampuni ulikuwa wazi: tahadhari tatu, toa taarifa, la sivyo ruhusa inafutwa. Fomu ilikuwa na ukurasa mmoja. *Taja wote wanaojua neno la siri.* Akawataja. *Nani aliyefunga mtandao?* Akaandika namba ya kazi ya Waya, aliyoikariri kutoka kwenye kitambulisho kilichompigapiga kifuani siku ile. *Je, kuna mtu unayemshuku? Eleza.*

Vidole vilisimama juu ya herufi muda mrefu. Kisha vikaandika: *Aliyefunga mtandao. Anajua mambo ya simu zangu ambayo sikumwambia.*

Akatuma.

*

Waya alikuwa juu ya nguzo alipopigiwa na msimamizi wake. Alidhani anapewa kazi nyingine. Alifika ofisini akipiga mluzi.

"Vua ovaroli," msimamizi alisema.

"Mkuu?"

"Vua. Kitambulisho pia. Na funguo za pikipiki ya kampuni." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatazama meza. "Unatuhumiwa kusikiliza simu za mteja nyumbani kwake."

Waya alicheka, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halifanani na kitu chochote. Kisha msimamizi akamsogezea karatasi iliyotumwa na kampuni ya bima. Waya akasoma mstari wa chini, akasoma jina la aliyeandika, akarudia kusoma mstari. Mdomo ulibaki wazi. Wale waliokuwa chumba cha pili walisema baadaye kwamba hawakusikia neno, walisikia zipu ya ovaroli ikishuka polepole, basi.

Alitoka mlango wa mbele, mbele ya wateja waliokaa kwenye viti, amevaa fulana ya ndani. Barabarani alipiga simu.

"Sauti."

"Naam."

"Mimi ni mwizi?"

Sauti aliondoa visikizio masikioni.

"Nimekuuliza."

"Fomu ilikuwa na maswali," Sauti alisema. "Nimejibu maswali."

"Fomu imekuuliza wewe. Wewe umeniuliza mimi?"

"Neno la siri tunalijua watatu. Ulitaka nimshuku baba?"

"Nilitaka uniulize. Kwa mdomo huo huo unaowauliza watu majina ya marehemu wao."

"Haya nakuuliza. Ulisema nimeongea na watu wanaolia. Ulijuaje?"

Magari yalipita, muuza magazeti alitangaza jambo, mtu akapiga honi.

"Hicho ndicho ulichoandika?" Waya alisema mwishowe, taratibu, kama mtu anayejipapasa aone ameumia wapi. "Sauti yako ilikuwa imekauka, Sauti. Ulisema 'haloo' na mwisho wake ukapasuka. Kila ukiongea na wafiwa inapasuka hapo hapo. Mimi nasikia. Ulifikiri nina mashine?"

"Waya—"

"Usiniite hivyo."

Simu ikakatika. Sauti akapiga. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikawa haipatikani, na haikupatikana siku iliyofuata, wala iliyofuata.

*

Alijiambia amefanya sawa. Alijiambia hivyo akipika, akifua, akisema "asante kwa kuendelea kusubiri". Usiku wa kwanza alilia. Wa pili alikasirika kwamba alilia. Wiki nzima kengele haikulia, kwa sababu goti la baba lilivimba na baba hakutoka nje hata mara moja. Sauti akahesabu kimya kile kuwa ushahidi. *Ameondoka, na kengele imenyamaza.*

Siku ya nane, ili amalize kabisa, alibadilisha neno la siri kwa mkono wake mwenyewe. Alisoma kijitabu cha ruta mara tatu. Aliandika neno jipya, akamnong'oneza baba, akamwonyesha namna ya kuliandika. Sasa walikuwa wawili duniani.

Siku ya tisa goti lilipoa. Baba akavaa kofia, akaenda kumwaga taka.

Saa tatu na dakika kumi kengele ikalia.

*Kifaa kisichojulikana kimeingia kwenye mtandao wako.*

Sauti alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Wawili. Wanaolijua ni wawili, na mmoja ni yeye. Kwa mara ya kwanza wazo lilimjia bila yeye kulipiga teke: *basi siye Waya.* Na nyuma ya wazo hilo, kubwa kuliko hilo: *basi hajawahi kuwa Waya.*

Alikwenda sebuleni bila viatu. Baba alikuwa amesimama ndani ya mlango, kofia bado kichwani, ndoo tupu miguuni, anagusa kioo cha simu kwa kidole kimoja. Herufi. Anatazama. Herufi.

"Baba, unafanya nini?"

"Naingia."

"Unaingia wapi?"

"Kwenye waifai."

"Kwani ulikuwa umetoka?"

Baba alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza kama maji yanalowesha. "Si unaniona na ndoo? Nilikwenda kumwaga taka."

"Mtu akienda kumwaga taka hahitaji kutoka kwenye mtandao, baba. Simu ikirudi inaingia yenyewe."

"Ndiyo ubaya wake," baba alisema. "Inaingia yenyewe. Lango gani hilo? Nilisikia redioni, simu ukiibeba nje na mtandao wa nyumbani ukiwa umo ndani, umebeba ufunguo wa watu. Kwa hiyo nikitoka nafunga. Kuna mahali pameandikwa 'Sahau mtandao huu'. Nabonyeza. Nikirudi, naandika upya. Mlinzi hatoki akaacha lango wazi, mwanangu. Hata kwa taka."

"Tangu lini?"

"Tangu uninunulie simu. Nilisikia wiki ile ile."

Sauti aliketi sakafuni.

"Toka," alisema.

"Nini?"

"Toka nje, baba. Funga lango lako. Rudi, ufungue."

Baba alitoka, akarudi, akaandika. Kengele ikalia mkononi mwa Sauti. Tarakimu mpya. Alimtoa tena. Kengele, tarakimu nyingine. Mara ya tatu baba mwenyewe alisimama mlangoni akiisikiliza kengele, na uso wake ukaanza kubadilika.

Simu hizi mpya zina haya. Haziutajii mtandao namba yao ya kweli ya kifaa. Zinajitungia ya bandia, na kwa mtandao mmoja hubaki na hiyo hiyo moja, ndiyo maana mafundi hawahangaiki nayo. Lakini ya baba ilikuwa ikiambiwa *sahau* inasahau kweli, inatupa na namba, ikirudi inarudi na nyingine. Nani angewaza kwamba yupo mtu mmoja mjini anayeiambia simu yake isahau nyumbani kila akivuka kizingiti? Kila alipotoka, baba aliaga kama mwenyeji akarudi kama mgeni, na kengele ikapiga kelele kwamba pana mwizi.

"Kwa hiyo," baba alisema, taratibu, "yule aliyekuwa anaingia..."

"Ni wewe, baba."

"Na kijana?"

Sauti alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Baba alivua kofia.

"Nimesimama langoni miaka thelathini na moja," alisema. "Sijawahi kumsingizia mtu. Vaa viatu."

*

Alivaa, lakini kwanza aliandika. Aliwaandikia wakuu wake wa bima kwamba taarifa yake ilikuwa ya uongo tangu mstari wa kwanza, kwamba hapakuwa na mwizi, kwamba fundi hana kosa, kwamba mwenye kosa ni yeye. Nakala akaituma kwa kampuni ya mtandao. Jibu la wakuu lilikuja kabla ya saa sita: ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani imefutwa kwa mwaka mmoja. Kuanzia Jumatatu awe ofisini saa moja asubuhi.

Alilisoma akiwa amesimama. Alitazama goti la baba. Akalikunja jambo hilo ndani yake, akapiga simu ofisini kwa Waya.

"Tulichunguza, hatukuona kitu," msimamizi alisema. "Siku ya nne nilimwambia arudi, apitie mlango wa nyuma ili wateja wasiulize. Akaniambia alitolewa mlango wa mbele. Akakata simu. Nasikia anafanya vibarua. Leo wamemwona kiwanda cha mikate."

Kiwanda kilikuwa na ua mpana wa saruji, mitambo ya kukandia inanguruma ndani, wafanyakazi wamevaa nguo nyeupe toka kofia hadi viatu, na hewa nzima ina joto la mkate unaoiva. Waya alikuwa juu ya paa la bati, anafunga antena. Shati jekundu, mikono imekunjwa, amekonda kidogo. Sauti alisimama chini, gauni la kijani, kitambaa kichwani kimekaa upande kwa haraka aliyotoka nayo. Baba alisimama hatua tatu nyuma.

"Waya."

"Fundi hayupo," lilijibu paa.

"Naiona miguu yake."

"Miguu haisikii."

"Naomba dakika moja."

"Endelea kusubiri. Simu yako ni ya thamani kwetu."

Mfanyakazi mmoja mwenye trei alicheka. Sauti aliumeza mkuki ule wote. Akasema jambo alilokuja kusema, kwa ile sauti yake laini ya kazini, na mitambo ikalimeza.

"Sisikii," Waya alisema bila kugeuka. "Kwenye karatasi ulisikika mpaka kwa mkuu wangu. Sema kama ulivyoandika."

Basi Sauti alijaza kifua hewa, akapaza kuliko alivyowahi kupaza maishani, na kabla ya neno la kwanza kutoka, ndani ya kiwanda mtu akazima mitambo ili watu wale.

"NILIKUSINGIZIA."

Neno liligonga ukuta wa mbele, likagonga wa nyuma, likarudi. Watu ishirini wenye nguo nyeupe waligeuka kwa pamoja. Sauti mwenyewe alishtuka, mkono ukamwendea mdomoni. Halafu akaushusha. Alishaanza.

"Niliandika kwamba unasikiliza simu zangu. Ni uongo. Hukusikiliza. Nilikuwa na swali moja la kukuuliza, nikaona ni rahisi kuiuliza karatasi. Nimewaandikia wakuu wangu na wako. Sijaja kukuomba urudi kwangu. Nimekuja useme mwenyewe mbele ya watu kwamba umesikia."

Waya aligeuka. Alimtazama kutoka juu muda mrefu, koleo mkononi.

"Na mwizi ni nani?"

Baba alipiga hatua tatu mbele, akavua kofia.

"Kifaa kisichojulikana ni mimi," alisema.

Waoka mikate walitazamana. Waya alishuka.

Ilichukua muda kumweleza, na kila baba alipoeleza, macho ya Waya yalizidi kupanuka, mpaka akaketi juu ya gunia la unga bila kulitazama.

"Kila ukitoka, mzee?"

"Kila nikitoka."

"Hata dukani?"

"Hata kumwaga taka."

"Unabonyeza 'sahau'?"

"Nabonyeza, nahakikisha, ndipo natoka."

Waya alishika kichwa kwa mikono miwili, unga ukamwingia nywele. "Nimefunga mitandao nyumba mia nne," alisema, "sijaona." Kilichofuata kilimtoka kwa shida, maana hakuwa mtu wa kusema maneno ya namna hiyo. "Nami nilikuja kwenu mara mbili kwa tahadhari hizo. Nikakusalimia, nikakupita, nikaenda kwenye ruta. Sikukuuliza unaitumiaje simu. Niliona mzee na simu yake, nikajua kila kitu. Swali moja tu lingemaliza, na mimi ndiye niliyelipwa kuuliza."

"Msimamizi wako anakusubiri," Sauti alisema. "Nimemwambia ni mlango wa mbele au hakuna."

"Na wewe? Wakuu wako wamesemaje?"

"Jumatatu naanza ofisini. Nyumbani nimefutiwa. Mwaka mmoja."

Waya alisimama. Hilo hakulitegemea. "Na goti la mzee?"

"Goti liko hapa na mwenyewe," baba alisema. "Litajilinda."

Harufu ya mkate ilizidi. Hakuna mfanyakazi aliyekwenda kula.

"Nina maswali matatu," Sauti alisema. Alimtazama machoni. "Ninayauliza kwa mdomo. Kwanza: uliwahi kuingia kwenye mtandao wetu bila ruhusa?"

"Hapana."

"Pili: bado una hasira?"

"Ninazo."

"Nyingi?"

"Nyingi. Za kutosha mwezi."

"Tatu: unanioa?"

Trei ya mikate ilianguka mahali fulani. Waya alifungua mdomo. Bingwa wa vina, mpanga waya nane, hakupata hata silabi. Alimtazama baba. Baba alikuwa amegeuka, anautazama ukuta wa kiwanda kwa makini makubwa.

"Mbele ya baba yako?" Waya alinong'ona.

"Baba amesimama milangoni maisha yake yote akijifanya hasikii."

"Sisikii," baba alisema.

Waya alijifuta uso, akajipaka unga zaidi. Alivuta pumzi mara mbili, akaikosa ya tatu.

"Ndiyo," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, akainua kidevu. "Lakini hasira zangu nakuja nazo."

"Njoo nazo," Sauti alisema, na mwisho wa sauti yake ukapasuka.